Nyumba Kwanza

Mume wangu alikohoa karibu mwaka mzima kabla hatujakubali kwamba anaumwa. Alikuwa amechimba dhahabu Macalder miaka mingi, kwa hiyo sisi tulisema ni vumbi. Mama yake alisema ni chira, ile laana inayompata mtu aliyevunja mwiko. Majirani zetu wa Suna hawakusema kitu. Walinyamaza tu tulipopita, na miaka ile ya tisini kila mtu alijua kimya cha namna ile kilikuwa kinataja ugonjwa gani. Niliwachukia wote, waliosema na walionyamaza.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyetuambia tumpeleke Homa Bay, kwenye hospitali kubwa, akapigwe picha ya kifua. Alisema tusikawie. Lakini tulikuwa bado tunaishi ndani ya boma la marehemu baba mkwe. Mume wangu hakuwa ameanzisha boma lake. Kwa Wajaluo hilo si jambo dogo. Mwanamume akifa kabla ya kuweka boma, mjane wake hawezi kuliweka peke yake. Mpaka arithiwe na shemeji, huyo ndiye amjengee. Na shemeji yangu mkubwa alikuwa ameshaanza kuulizia afya yangu kwa upole ambao haukuwa wake.

Boma nalo lina masharti. Ukilianza, nyumba isimame siku ileile, mlale humo, na mwenye boma asilale kwingine siku za mwanzo. Kwa hiyo ilikuwa nyumba kwanza au hospitali kwanza. Tukienda hospitali akafia huko, nabaki sina boma. Tukijenga na ugonjwa usitungoje, nabaki sina mume.

Nilimwuliza anataka nini.

"Nyar Rodi," alisema. Ndivyo alivyoniita, binti wa Rodi, kwa kuwa alinioa kutoka Rodi Kopany. "Amua wewe. Mimi hata pumzi ya kubishana sina."

"Lakini ni maisha yako, baba watoto."

"Yangu ndiyo haya unaona. Yako ndiyo yamebaki."

Nilikasirika. Tangu anioe alikuwa ameamua kila kitu, hata rangi ya mlango, na katika yote hayo jambo moja tu alilonikabidhi lilikuwa hili. Nilikwenda kupalilia mahindi nikayakata pamoja na magugu. Niliwafikiria watu niliowajua waliokwenda Homa Bay. Wengine walirudi kwa miguu yao. Wengine walirudi ndani ya jeneza lililofungwa juu ya gari, na matawi ya miti mbele yake. Hakuna aliyeweza kuniambia mume wangu yuko kundi gani. Jioni nikasema tujenge.

Alfajiri baba yake mdogo alitutangulia kwenda kiwanjani. Mume wangu alibeba jogoo, mwana wetu wa kwanza shoka, nami moto. Shimo la nguzo ya kwanza huchimbwa na mwenye boma kwa mikono yake. Aliinua jembe, likashuka, likakwaruza udongo tu. Baba mdogo akamshika makwapani, akimwambia "Polepole," kama anayemfundisha mtoto kutembea, mpaka shimo likachimbika. Watu wakageuza nyuso. Wapo wanaosema mila zetu hazina huruma. Hao hawakuona wanaume wale walivyokandika udongo mbiombio ili mwenzao apate pa kujilaza. Jua lilipotua nyumba ilikuwa imesimama, kuta bado mbichi.

Usiku wa kwanza mila inawataka wenye boma wawe mume na mke kweli. Bila hivyo nyumba ni kuta tu, boma halijafunguliwa. Tulijaribu kulichekea jambo hilo, kicheko kikamletea kikohozi. Nilimshika kichwa mpaka kukapambazuka. Hakuweza, na hatukulizungumza tena.

Siku za mwanzo zilipokwisha tulimpeleka Homa Bay. Picha ilionyesha kifua kikuu, kimeshakula pande zote mbili. Walimwanzishia dawa, lakini hakumaliza wiki. Nilimwuliza daktari ingekuwaje kama tungekuja mapema. Alivua miwani, akaifuta, akasema hajui. Nilitamani anidanganye, aseme lolote, nijue la kujilaumu au la kujifariji nalo. Nikamshukuru, nikaenda kutafuta gari la kumrudishia mume wangu nyumbani.

Alizikwa upande wa kulia wa mlango wake, kama mwenye boma. Shemeji alisimama mbali, mikono nyuma, akiitazama nyumba kuliko alivyolitazama kaburi. Waombolezaji walipopungua, mama mkwe alinifuata jikoni akaurudishia mlango.

"Nyar Rodi, nakuuliza kama mama. Usiku ule wa kwanza, mwanangu aliweza?"

Nikisema hapana, pale si boma, mwanawe amezikwa mahali pasipo pake, nami niko mikononi mwa shemeji. Nilikuwa nimemtoa mume wangu kafara kwa ajili ya nyumba ile.

"Aliweza, mama."

Alinitazama. Asubuhi iliyofuata usiku ule yeye ndiye aliyechukua matandiko yetu akayafua, damu yote ya kikohozi, na macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu.

"Basi," akasema. "Ndugu yake akija kuuliza, mimi ndiye nitamjibu."

Kaburini sikuwa nimetoa chozi. Hapo jikoni, mbele ya mama yake, ndipo nilipomlilia mume wangu.