Dawa ya Mzee Onyango na Mgeni wa Heshima

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya mwendo, Daktari Mkuu wa wakati huo hakunionyesha hata choo kilipo. Alinikalisha mbele ya mama muuza samaki kutoka Asembo Bay akaniambia, "Mama Nekesa, tazama huo mkono mpaka nirudi." Nikautazama mpaka wangu nao ukataka kucheza. Aliporudi akauliza, "Unatetemeka lini?" Hakuuliza vipi, aliuliza lini. Nikamjibu kwamba ukilala pajani unatetemeka, ukishika kikombe unatulia.

"Hilo ni tetemeko la kupumzika," akasema. "Karibu kazini."

Nilikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mambo ya neva niliyasomea madarasa ya jioni hapa Kisumu, nikiwa na uchovu wa kusinzia huku natembea. Siku ya mahafali nilijipigia vigelegele mwenyewe, vikasikika mpaka mji wa Awasi. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuwanoa watafiti chipukizi, hao madaktari vijana wanaochunguza jinsi ubongo unavyoamuru misuli na jinsi amri zinavyopotea njiani, sikuwa na mzaha. Niliwafundisha kubandika vipokezi vya umeme wa misuli kwenye ngozi yenye jasho, maana joto la Kisumu linaweza kukuchemshia yai mfukoni. Niliwafundisha kukunja kiwiko cha mgonjwa polepole, wausikie kwa vidole ule ugumu unaokatakata kama gurudumu lenye meno.

Na niliwafundisha kipimo cha bila dawa. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, kwa hiyo niwaeleze vizuri. Mgonjwa wa Parkinson amepungukiwa na dopamini, kemikali inayolainisha mwendo. Vidonge huziba pengo hilo. Lakini mtafiti akitaka kuuona ugonjwa wenyewe, humwomba mgonjwa asimeze kitu tangu jioni, aje asubuhi vile alivyo, apimwe haraka, kisha apewe dawa yake. Neno lenyewe ni haraka. Mtu amekubali kuamka ndani ya mwili uliomgomea, kwa sababu wewe umemwomba.

Daktari Mkuu alistaafu, akaja Profesa Mkurugenzi. Huyu alipenda hafla. Angeweza kuzindua hata kijiko.

Wakati wake nilikuwa na mwanafunzi, Daktari Adhiambo, mwenye swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia humo ndani: kwa nini miguu ya wagonjwa hawa huganda hasa wakifika mlangoni? Alihitaji kumpima Mzee Onyango, mkulima wa Sondu mwenye ugonjwa huo, ndipo amalize. Nafasi yake ya kuendelea na utafiti ilikuwa mkononi mwa Mkurugenzi.

Mzee alifika alfajiri na mkewe, bila dawa, kama tulivyomwomba. Mkurugenzi akatangaza kwamba siku hiyo hiyo tunazindua mashine mpya, na kipimo cha kwanza kitafanywa mbele ya mgeni wa heshima.

"Hakuna kugusa kitu kabla mgeni hajakata utepe," akasema. "Itifaki ni itifaki."

Tukaambiwa mgeni yuko njiani. Jua likapanda, bado yuko njiani. Nikafikiri labda anatoka mwezini kwa miguu. Nje, hema limejaa, soda zimepata moto, watu wanatambuana mmoja baada ya mwingine, na huyu akitambuliwa anasimama kuwatambua wengine. Ndani, kwenye kiti cha korido, Mzee Onyango alikuwa amegeuka ubao. Uso umetulia kama wa picha. Mate yanateremka, mkewe anapangusa.

"Nyathina," akamwita Adhiambo, yaani mwanangu, kwa sauti iliyozama, "nataka choo. Miguu imekataa."

Adhiambo akaenda hemani, nami nyuma yake. "Profesa, tumpime sasa hivi, ama ameze dawa yake."

"Ukimpa dawa, mgeni ataonyeshwa nini? Si atatembea kama mtu mzima!"

"Ndiyo, Profesa. Ndiyo kazi ya dawa."

"Basi mpe. Lakini usinitafute tena na mambo ya nafasi."

Adhiambo aligeuka pale pale. Kisha akarudi ndani. "Mama Nekesa, maji."

Nikaleta. Kumeza tu kulikuwa vita. Tukambeba mpaka chooni, Adhiambo bega moja, mimi jingine, mkewe nyuma akitutukana kwa Kijaluo sanifu, na tulistahili kila neno. Baadaye dawa ikashika. Mzee alikuwa anatoka getini kwa miguu yake mgeni alipowasili.

"Huyu ndiye mgonjwa?" mgeni akashangaa alipoonyeshwa Mzee. "Hongera, Profesa! Mashine zenu zinaponya!"

Hema zima likapiga makofi. Utepe bado haujakatwa!

"Yawa, mashine gani?" akasema Mzee. "Huyu msichana ndiye amenipa dawa yangu."

Hakuna aliyemsikia. Mkurugenzi alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

Nafasi ya Adhiambo haikuendelea. Sababu iliyosemwa kikaoni ni kwamba alikosa nidhamu ya utafiti. Nidhamu! Nilipiga meza mpaka vikombe vikaomba msamaha. Haikusaidia.

Sasa nimestaafu. Vijana huja nyumbani kuniuliza siri ya vipokezi visivyobanduka, nami huwaambia, kwa kuwa kazi hii bado naipenda kupita kiasi. Mkurugenzi bado anakata tepe, na huzungumza vizuri sana kuhusu utu wa mgonjwa.

Adhiambo yuko kliniki ndogo Sondu, anatibu malaria na vidonda. Wagonjwa wetu bado wanaganda mlangoni, na bado hatujui kwa nini. Mtu wa kutujibu tulikuwa naye. Tulimfukuza kwa kosa la kumpa mgonjwa dawa yake.