Mstari Mweupe Ubavuni mwa Meli

Meli ile ilizama mchana, watu wakiiona kutoka ufuoni, na mimi nikatoka hai. Kaka yangu hakutoka. Nasema mapema, maana shule niliishia darasa la nne, na maneno ya kuzunguka sikufundishwa.

Ilipofika mwanzo wa miaka ya themanini nilikuwa nakaa Huruma, kibarua wa kupakia saruji. Mjane wa kaka yangu alikuwa Makongeni, kwa ndugu yake aliyekuwa fundi wa reli. Akina mama wa kanisa lao walikuwa wamepelekwa mjini kuona makumbusho ya vyombo vya majini, wakamrudishia habari: meli ya mume wako iko pale, ndogo, ndani ya kioo. Akanitumia ujumbe. Wewe ulikuwa ndani yake, akasema, utanionyesha mahali alipokuwa akifanya kazi.

Sikutaka kwenda. Lakini ningemwambia nini?

Tulikutana Jumamosi asubuhi, Jogoo Road.

"Shemeji, hiyo koti umeazima?"

"Nimeazima."

"Inaonekana. Mwenyewe ana mabega."

Tukacheka kidogo. Ndiyo mara ya mwisho kucheka siku hiyo.

Chumba chenyewe kilikuwa na nanga, kamba nene, picha za manahodha wa kizungu wenye ndevu. Meli yetu ilikuwa pembeni, urefu wa mkono wangu. Mlinzi alituambia ilitengenezwa na kampuni iliyounda meli yenyewe, wakati ilikuwa mpya. Nikamwonyesha shemeji chumba cha injini. Akaweka kidole kwenye kioo, hapo hapo, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akasoma ubao wa maelezo uliokuwa chini yake, taratibu, maana yeye alisoma kunishinda.

"Wanasema ni dhoruba," akasema. "Basi ni Mungu. Siwezi kugombana na Mungu."

Uso wake ulilegea. Miaka minane sijauona umelegea hivyo. Ningesema "ndiyo, shemeji", tungerudi nyumbani tukanywa chai.

Lakini nilikuwa nimeona mstari.

Kila meli ya mizigo ina mstari mweupe ubavuni. Maji yakiugusa, mnaacha kupakia, hata kama bado kuna magunia nje. Kwenye ile meli ndogo ya ndani ya kioo mstari ulikuwa chini, mahali pake pa haki. Nikainama kuutazama, nikashindwa kuinuka.

"Baba, usiegemee kioo," mlinzi akasema. "Kikivunjika ni mimi nitalia."

"Mbona umeganda?" shemeji akauliza.

Nikamwambia. Wiki ile ya mwisho, wakati mahindi yalikuwa yamejaa gatini, nahodha aliniita akanipa kopo la rangi nyeupe. Akaniambia futa mstari, uchore mwingine shubiri mbili juu. Mwenye meli alikuwa amesimama nyuma yake anachokonoa meno. Nilichora. Nilichora vizuri, nimenyoosha kwa uzi, kwa sababu nilitaka nahodha anisifu. Karani wa bandari alikuwa haangalii kitu kingine, anasimama gatini, akiona mstari uko juu ya maji anagonga muhuri. Na huyo karani alikuwa ameiona rangi mbichi. Alinikanya nisije nikamchafua suruali.

"Wewe," shemeji akasema.

"Mimi."

"Mume wangu alijua?"

"Aliona asubuhi. Akaniuliza, mdogo wangu, umefanya nini? Nikamwambia nimefanya kazi. Akaenda kwa nahodha mbele ya watu wote, akamwambia meli hii haitafika. Nahodha akamjibu, kama unaogopa chukua begi lako, langoni wamejaa wanaotaka hiyo kazi yako."

"Akapanda."

"Akapanda. Mtoto wenu alikuwa na mwezi mmoja."

Nilingoja anipige. Ingekuwa afadhali. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, polepole, kama mtu aliye peke yake chumbani.

"Kwa hiyo alisema," akasema. "Mbele ya watu."

"Alisema."

"Miaka minane mimi najiuliza mume wangu alikufa kama ng'ombe, bila kujua. Na wewe unajua alisema. Mbona hukuniambia hata hilo?"

Hilo lilikuwa la kaka yangu, nami nililifukia pamoja na langu.

Akamgeukia mlinzi. "Huu ubao ni wa uongo. Ubadilishwe."

"Mama, mimi nafungua mlango tu. Ubao ni mambo ya ofisi." Alikuwa mtu mpole, alikuwa amesikia yote. Akatazama mlango, kisha akasukuma mbele yetu kitabu cha wageni. "Hapa kuna nafasi ya maoni. Sitakuzuia."

Shemeji akanipa kalamu. "Andika."

Juu ya ukurasa watu walikuwa wameandika nzuri, asante, tumefurahi. Nikaandika jina la nahodha na kazi yake. Nikaandika la mwenye meli, ambaye wakati huo alikuwa anajenga ghorofa. Nikaandika la karani. Herufi zangu ni kubwa, zilimaliza nusu ya ukurasa. Nikaweka kalamu chini.

"Na aliyechora?" akauliza.

Nikaishika tena. Jina langu nimeliandika mara chache maishani, na siku hiyo herufi ya mwisho ilishuka mstari wa pili. Shemeji akaisubiri imalizike. Halafu akaichukua kalamu yeye mwenyewe, akaandika chini kabisa jina la mume wake kamili, pamoja na la baba yake, na baada yake: huyu alisema.

Akatoka mbele yangu. Sikujaribu kumfikia.