Udongo Kwenye Jiko la Moto

Miaka kumi na miwili Kasimiri alipuliza kwa bomba udongo usioungua kwenye kuta za tanuru la kuyeyushia vyuma chakavu, kule Makambako. Aliziba nyufa kuta zikiwa bado nyekundu, maana mwenye kiwanda hakutaka tanuru lipoe. Alipoanza kukohoa damu wakamrudisha kwake Igwachanya. Hata pole hawakumpa.

Jana jiko la mkewe, Hosiana, lilipasuka. Kasimiri akachota udongo mbichi, akaubandika moto ukiwaka. Ukabanduka wote, ukadondokea kwenye makande.

"Baba Oliva, hukuweza kusubiri lipoe?" Hosiana akafoka.

Kasimiri akakohoa kwanza. "Tanuru lile nililipaka upya kila zamu lisichakae. Mimi, miaka yote hiyo, walinipa barakoa moja."