Nyeusi Isiyochoma Macho

Kabla sijaiona kompyuta niliisikia: mvumo nyuma ya pazia, kama inzi aliyenaswa ndani ya kibiriti. Hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza katika duka la uchapaji, Kawangware, katikati ya miaka ya tisini. Nilitoka Kibera, nilikokuwa nikichora mabango ya maduka, na pale mtaani kwetu Mashimoni nyeusi yangu ilisifiwa: nzito, isiyoonyesha ubao. Fundi aliyepaka nyeusi hafifu aliambiwa ameiba rangi akaongeza mafuta ya taa.

Nyuma ya pazia aliketi Mwende, binti wa Kitui, mdogo kwangu kwa miaka minane.

"Niaje, mzee wa brashi," alisema. "Hapa hakuna kuosha mikono."

Yeye ndiye aliyenifundisha. Kwenye skrini rangi zote hutokana na taa tatu, nyekundu, kijani na samawati, na kila moja hupimwa kuanzia sufuri hadi mia mbili hamsini na tano. Zote zikiwa sufuri, taa zimezimwa: hiyo ndiyo nyeusi tupu. Niliipenda mara moja. Mwende hakuigusa. Aliweka hamsini na moja mara tatu, rangi ya mkaa uliokaa juani kule Silanga, Kibera.

"Mbona unaichuja hivyo?"

"Karatasi haiwaki, skrini inawaka. Ukiweka nyeusi tupu juu ya weupe unaowaka, herufi zinamdunga msomaji. Punguza kidogo, bana, macho yapumue."

Nilicheka. Kisha nikasoma ukurasa wake, nikasoma na wangu, nikajua amesema kweli. Wivu ukanikaa kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Mwaka wa tatu Meneja alisema atateua msanifu mkuu. Kazi ya kutupima ilikuwa masomo ya ngumbaru, yatakayosomwa na watu wazima kwenye kompyuta ya ukumbi mmoja Kibera. Mwende alipewa kurasa za kusoma, mimi michoro na kunakili disketi. Nikiwa peke yangu nilifungua kurasa zake, nikaandika sufuri, sufuri, sufuri. Haikuchukua zaidi ya muda wa kufunga kamba za kiatu.

Wiki iliyofuata mwalimu wa ngumbaru akaja.

"Meneja, wazee wangu wanasoma mistari mitatu, wanapangusa machozi. Mmoja ameniuliza kama mmetia pilipili."

Meneja akamgeukia Mwende. "Si ni wewe unayetuhubiria macho ya watu?"

Mwende akaifungua disketi, akatazama. "Hii nyeusi si yangu." Akanitazama mimi. "Fundi, sema."

"Mimi nilinakili tu," nikasema.

Nikawa msanifu mkuu. Nikairudisha hamsini na moja mara tatu, na mwalimu akaja kunishukuru mimi. Hadi nastaafu sikutumia nyeusi nyingine. Vijana niliowafunza huiita nyeusi ya mzee. Huwaambia wampe mwenye macho dhaifu asome ukurasa mzima, si kichwa tu. Ilitoka kwa nani, sijawahi kuwaambia. Na hata leo, nikiwa na mvi, namwonea Mwende wivu: mimi niliipata rangi ile, yeye aliiona.

Jumamosi yake ya mwisho pale dukani, Mwende alikuja kuchukua sweta. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti chake, ukurasa wake mbele yangu. Aliinama, akasoma mstari mmoja.

"Imekaa vizuri," alisema. "Sasa tafuta yako."

Akatoka. Hakuubamiza mlango, aliuvuta polepole, mpaka ukafungika.