Jina la Aliyeshika Lango la Fukayosi

Majaliwa bin Sharifu hakuwa mtu wa kudai. Miaka yote aliyomtumikia Seyyid wa Unguja pale ngomeni Bagamoyo, hakuwahi kugombea kitoweo wala zamu ya lindo. Lakini mwaka ule wa 1886, goti lilipomkatalia kabisa na jemadari akamwambia arudi kwao akalime, alikwenda kwa karani wa askari, akakaa jamvini, akasema ana haja moja.

"Jina langu," alisema. "Nataka liandikwe mahali pake kabla sijaondoka."

Karani, Nasser bin Mahfoudh, kijana mpole aliyetoka Unguja si zamani, aliijua haja hiyo kabla ya kuelezwa. Ngome nzima iliijua. Daftari la askari lilisema kwamba aliyeshika lango la Fukayosi siku ya wanyang'anyi, akatunukiwa nishani ya fedha, alikuwa Ausi bin Mwinjuma. Na daftari hilo lilikuwa linanakiliwa lipelekwe Unguja. Likishavuka bahari limevuka. Hakuna atakayeligusa tena.

Mambo yalikuwa hivi. Majaliwa alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda kijiji cha Fukayosi kumwona mkewe, Mwanahija, aliyekwenda kujifungua kwa mama yake. Asubuhi moja, wanaume wakiwa mashambani, wezi wa watu walitoka porini kuja kuteka wanawake na watoto. Waliokuwamo ndani ya boma la kijiji walikimbilia upenyo wa nyuma. Majaliwa akabaki langoni na gobori lake, na baruti ilipomwishia akalikaza lango kwa bega. Peke yake asingeweza. Mtu mmoja alirudi mbio, akaweka bega lake kando ya bega la Majaliwa, wakasukuma pamoja, jasho kwa jasho, mpaka watoto wote wakazama msituni, wanaume wakarudi na mapanga, wezi wakatawanyika. Risasi iliyopenya kati ya miti ya lango ndiyo iliyomvunja Majaliwa goti. Na mtu yule aliyerudi alikuwa Bi Mwajabu, mama mkwe wake.

Kwa watu wa kule, mama mkwe na mkwewe hawali pamoja, hawapeani mkono, wala mmoja hatamki jina la mwenzake. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Sasa hawa wawili walikuwa wamegusana. Lango lilipotulia, Bi Mwajabu alijifunika kaniki usoni, akaita watu wamtazame majeruhi, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuna kati yao aliyethubutu kulisema, hata kwa Mwanahija.

Karani wa wakati ule, Mungu amrehemu, alipofika kuuliza habari, Majaliwa alikuwa amebebwa kwa machela kwa mganga wa mifupa. Aliyeona ni Bi Mwajabu tu.

"Ni nani aliyeshika lango?"

"Mkwe wangu," alijibu, kama mwanamke yeyote mwenye heshima zake angejibu.

Karani alimjua mkwe mmoja tu wa nyumba ile: Ausi, mume wa Dija, binti mkubwa, askari mcheshi anayejulikana soko zima. Akaandika Ausi.

Nasser alimsikiliza Majaliwa mpaka mwisho, ingawa habari ya bega la pili Majaliwa aliiruka.

"Niletee shahidi," alisema, "naye alitamke jina kwa mdomo wake. Maneno ya kuzungukazunguka ndiyo yaliyotufikisha hapa. Jemadari hatapokea 'mkwe wangu', wala 'mume wa fulani'. Anataka jina."

Majaliwa alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba shauri limekwisha. Kuna mambo mtu hamwombi mama mkwe wake. Alfajiri Mwanahija alijifunga nguo akashika njia ya Fukayosi.

Ijumaa, baada ya sala, watu walijaa uani pa ngome. Ausi alikuja na nishani yake kifuani, imesuguliwa inang'aa.

"Mwanyumba!" aliita, maana ndivyo waliooa ndugu wanavyoitana. "Umekuja kunivua nguo mbele za watu?"

"Nimekuja kuchukua jina langu, mwanyumba. Nguo baki nazo."

Askari wakacheka. Nasser akamuuliza Ausi kama ndiye aliyeshika lango.

"Bwana karani, mimi sikusema neno. Waliniita, nikaja. Walinivika, nikashukuru. Walisema shujaa ni mkwe wa Bi Mwajabu. Je, mimi si mkwe wake?"

"Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nitakumbuka wapi? Askari leo hulala hapa, kesho kule."

"Kule kwa muuza tembo la mnazi!" mtu akadakia kutoka nyuma, na uwanja ukaangua kicheko.

Kicheko kilikatika Bi Mwajabu alipoingia, Mwanahija akimwongoza. Alikaa nyuma ya nguzo, akawapa mgongo wakwe zake wote wawili.

"Karibu, mama," Nasser alisema. "Taja jina la mtu uliyemwona langoni."

"Bwana karani, unajua unaloniomba?"

"Najua, mama. Nami naona haya kuliomba."

Majaliwa akainuka kwa kushika ukuta. "Basi, bwana karani. Liache lilivyo. Sitaki nishani ya kumvunjia mama heshima."

Bi Mwajabu hakugeuka. "Mwanahija, mwambie mumeo akae. Leo tumekuja kusikiliza goti lake, si mdomo wake."

"Umesikia," Mwanahija alisema.

Alikuwa amesikia. Akakaa.

Ndipo mama yule aliposimama, akatoka nyuma ya nguzo mpaka katikati ya ua, mahali ambapo kila mtu angemwona. Alikuwa mfupi, na miguu ilikuwa bado na vumbi la njia.

"Lango lile lilishikwa na watu wawili," alisema. "Mmoja ni mimi. Bega langu lilikuwa penye bega la mkwe wangu, na halijaota jipu mpaka leo. Miaka yote hii nimenyamaza nikidhani nailinda heshima. Kumbe heshima yenyewe nilimvisha mtu mwingine. Wajukuu zangu wako hai. Andika, bwana karani. Majaliwa. Majaliwa bin Sharifu."

Jina lile Majaliwa alikuwa ameitwa na mama yake, na majemadari, na watu waliotaka kumuua. Hakuwahi kulisikia limesimama wima namna ile. Aliinamisha kichwa, si kwa haya.

Nasser alifuta, akaandika, akaisoma sentensi kwa sauti. Ausi aliifungua nishani mwenyewe.

"Nilikwisha kuchoka kuisugua kwa majivu, mwanyumba," alisema, lakini aliitoa macho yakiwa chini, na Majaliwa, aliyekuwa ameingojea siku hiyo kwa muda mrefu, aliona hana hamu ya kumcheka. Aliipokea kwa mikono miwili, akaibandika kifuani.

"Na wewe, mama?" Nasser aliuliza, kalamu ikiwa bado juu. "Umesema walikuwa wawili. Nikuandikeje?"

"Usiniandike. Mimi si askari wa mtu, bwana karani. Mimi nilikuwa kwangu."

Akajifunika kaniki vizuri, akaanza kutoka. Askari waliokuwa wamechuchumaa walisimama mmoja baada ya mwingine bila kuamriwa, wakampisha. Njia ya mlangoni ilipita karibu na Majaliwa. Naye akajikongoja, akanyoosha goti lile bovu kadiri lilivyokubali, akageuka akaelekea ukutani kama inavyompasa mkwe. Akasimama hivyo, nishani ikigusa mawe ya ngome, mpaka nyayo za mama zilipokwisha kupita.