Laini kwa Jina la Chausiku

Mwatumu binti Sufiani aliingia kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe akiwa bado msichana, akatoka huko mjane. Kazi yake ilikuwa kuanika katani. Singa zilitoka mashineni zikichuruzika maji ya kijani yanayowasha, naye alizipokea kwa mikono mitupu na kuzitandaza kwenye waya juani. Mwanzoni vidole vilimvimba na kutoka malengelenge. Baadaye vikazoea, vikawa vigumu na vyenye kung'aa kama mpini wa zamani. Mumewe alipofariki alirudi kwao Misima, akashika jembe, na jembe likamalizia kilichobaki.

Hakuwa mtu wa kunung'unika. Alilima mahindi na kunde, akamlea Munira, binti yake wa pekee, akamsomesha mpaka kidato cha nne, kisha akamwoza kwa Ukasha, fundi seremala wa Kerenge, kijana mpole asiyesema sana. Nyumba ya jirani ilikuwa ya Chausiku, mjane mwenzake, ambaye mwanawe Salimu alikuwa na kazi Dar es Salaam. Wanawake hao wawili walichukuana kama ndugu wa tumbo moja. Chumvi ikikosekana huku, ilitoka kule.

Mwaka walipokuja waandikishaji wa vitambulisho, watu waliitwa uwanjani mbele ya ofisi ya kata. Mwandikishaji mmoja, dada aliyejitambulisha kwa jina la Emiliana, alisimama na kuwaeleza vizuri.

"Wazee wangu, mama zangu, kulala Handeni kwa ajili ya mhuri mmoja kunakwisha. Mbolea ya ruzuku, bima, cheti, vyote vitakufuata kwenye simu yako, umekaa jikoni kwako."

Watu walipiga makofi, na makofi yale hayakuwa ya adabu tu. Nani pale hakuwahi kwenda mjini akaambiwa bwana fulani hayupo, arudi kesho?

Zamu ya Mwatumu ilipofika, aliweka kidole kwenye kioo cha mashine.

"Kandamiza kidogo, mama."

"Nimekandamiza, mwanangu."

Mashine ikalia na kuandika maneno mekundu. Emiliana akamfuta vidole kwa kitambaa chenye maji, akampaka mafuta, akajaribu gumba, akajaribu shahada, akahamia mkono wa kushoto. Foleni nyuma ikaanza kuguna.

"Alama hazionekani, mama. Zimekwisha."

"Zimekwishaje, na vidole si hivi hapa?"

Watu wakacheka. Mwatumu naye akacheka, lakini uso ulimchoma, akaificha mikono ndani ya kanga. Emiliana hakucheka. Alimpiga picha, akaandika taarifa zake upya, akamwambia zitapelekwa makao makuu ili athibitishwe kwa njia nyingine. "Namba yako ikitoka, utaletewa ujumbe kwenye simu."

"Simu anayo binti yangu. Mimi nikienda kununua laini, nao wanataka vidole hivi hivi."

Emiliana alitupa jicho kwenye foleni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tafuta laini kwa mtu unayemwamini, mama."

Wiki hiyo hiyo Chausiku alimchukua hadi Segera, penye vijana wanaouza laini chini ya miavuli. Chausiku akatoa namba ya kitambulisho chake, akaweka kidole, mashine ikakubali papo hapo.

"Haya, mama Munira," alisema akimkabidhi ile kadi ndogo. "Kidole changu, sauti yako."

Mwatumu akanunua kisimu cha bei nafuu pale pale, na kweli mambo yalikwenda. Mtendaji wa kijiji alimwandikisha kwa namba ya laini ile, na kabla ya masika ujumbe wa mbolea ukaingia. Mwatumu alipanda gari hadi Handeni, akaingia dukani kwa Dhirajlal, muuza mbolea, akamwonyesha simu, akatoka na mfuko wake bila kumlamba mtu miguu. Mwaka ule mahindi yake yalisimama mpaka wapita njia wakawa wanauliza shamba ni la nani. Alikipenda kile kisimu. Kila Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, Munira alikuwa akipiga kutoka Kerenge, nao walizungumza Kizigua mpaka salio linakatika.

Namba ya kitambulisho ndiyo haikuja. Alikwenda kuiulizia Handeni, akaacha namba ya laini ile, akaambiwa bado inashughulikiwa, asubiri ujumbe. Akasubiri. Haikumsumbua sana, kwa kuwa mambo yake yalikuwa yanapita kwa jina la mwenzake.

Munira akashika mimba, ya kwanza. Akamwambia mama yake, "Uchungu ukianza tu nakupigia. Sitaki mtu mwingine pale. Nakutaka wewe." Mwatumu akafungasha kanga zake na za mtoto kwenye furushi, akaliweka juu ya sanduku.

Mimba ikiwa imekaribia kutimia, Chausiku alianguka uani akipepeta kunde. Presha, walisema. Alizikwa kesho yake, na Mwatumu akawa kama mtu aliyekatwa upande mmoja wa mwili. Salimu alikuja kumzika mama yake, akakaa kumaliza mambo ya marehemu. Kijana mwadilifu, hakutaka kuacha kitu kinaning'inia. Alipopata cheti cha kifo, alikwenda Korogwe kwenye duka la simu ili atoe hela kidogo zilizobaki kwenye simu ya mama yake na kuifunga laini.

"Kwa jina hili laini ziko mbili," mhudumu alimwambia. "Tufunge zote?"

"Zote," alisema Salimu, kisha akapanda basi la Dar es Salaam.

Simu ya Mwatumu ikanyamaza. Hakushtuka. Misima mtandao hukatika wakati wowote, mvua ikinyesha au isiponyesha, na mtu akishazoea hujikalia tu akangoja urudi. Ijumaa ilipita bila Munira kupiga. Akajisemea, mtandao. Akapanga kuipeleka simu kwa fundi mwanzo wa wiki.

Kabla hajaipeleka, alikuwa shambani akipalilia alipoona pikipiki ikikata kona kuingia kwake. Aliyeshuka ni mdogo wa Ukasha. Alivua kofia, akaishika kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Munira kajifungua?"

Kijana akatazama chini. "Mtoto yupo, mama. Wa kike." Halafu akaanza kuizungusha kofia mikononi.

Mwatumu akaliachia jembe. "Sema."

"Tumepiga juzi kutwa, na jana kutwa. Ya kwako haipatikani, hata ya marehemu mama Salimu tulijaribu, haipatikani. Hatukuwa na namba nyingine ya huku. Kaka hakuweza kutoka hospitali. Alfajiri ya leo ndipo..."

Mwatumu hakumtaka amalize, akapanda pikipiki nyuma yake. Walipofika Kerenge, Munira alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda. Wanawake walimfunulia uso. Mwatumu aliinama akamwita kwa jina lake la utotoni, mara moja tu, kisha akawaambia wamfunike.

Ukasha alimweleza siku ya tatu ya msiba, akiwa amekaa kwenye ubao nje ya karakana yake, macho mekundu.

"Kila nilipomwambia hupatikani, alisema sijui kupiga. Akaninyang'anya simu akapiga mwenyewe. Alipiga mpaka mkono ukachoka, mama. Akasema, 'Mama hawezi kuzima simu siku hizi.'"

Mwatumu hakulia pale. Alijishika vidole, akavisugua kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetafuta mwiba.

Salimu alipata habari na kuja mbio kutoka Dar es Salaam. Alipiga magoti mlangoni. "Mama, wallahi sikujua ile nyingine ni yako."

"Ungejuaje?" alisema Mwatumu. "Jina halikuwa langu. Simama, mwanangu, uingie ndani."

Hakumkasirikia. Alitamani angepata wa kumkasirikia, akamkosa. Kila aliyemfikiria alikuwa amefanya lililo sawa: Emiliana, Chausiku, Salimu, hata mhudumu wa dukani.

Baada ya arobaini alikwenda ofisi ya vitambulisho Handeni. Karani alibofya kompyuta, akatabasamu.

"Mbona wewe umeshamaliza, mama? Namba yako imetoka. Ujumbe ulitumwa mwezi uliopita. Hapa inasoma umehudumiwa."

"Huo ujumbe kaupokea nani?"

Karani akatazama tena. "Hilo halionyeshi."

"Basi."

Aliandikiwa namba kwenye kipande cha karatasi, akaambiwa sasa anaweza kupata laini kwa jina lake mwenyewe, kuna utaratibu wa watu wasiosomeka vidole. Alishukuru, maana kijana yule alikuwa amesema naye kwa heshima. Kule nje, kwenye kivuli cha ukuta, alikaa muda mrefu bila kwenda popote. Watu walikuwa wakiingia na kutoka, wengi wao kwa haraka, wengi wameridhika. Mama mmoja alitoka akimwonyesha mumewe simu, wote wawili wanacheka.

Laini hakununua. Alimkabidhi jirani shamba alilime, akafunga nyumba ya Misima, akahamia Kerenge kwenye chumba cha nyuma ya karakana, kwa kuwa mtoto alihitaji mtu na Ukasha hakujua kushika kitu chepesi namna ile. Walimwita Mwanaisha. Ni mdogo wa mwili, hulia kwa sauti nyembamba, na maziwa ya kopo hayamkai vizuri tumboni. Mwatumu humbeba mgongoni asubuhi na kuzunguka naye uani mpaka anyamaze. Akipita mbele ya karakana, Ukasha huinua uso kutoka kwenye randa. Hutazamana, kisha kila mmoja hurudi kwenye kazi yake.