Kisigino Yangu na Gambuti za Marehemu

Mimi sikusoma, lakini miguu yangu ilisoma. Ilisoma Kitale yote, mtaa kwa mtaa, na beseni ya ndizi juu ya kichwa, kabla hata simu haijakuja. Kuna mbwa Kitale wamezaliwa wakanibwekea, wakazeeka wakanibwekea, wakakufa, na watoto yao wakarithi kazi ya kunibwekea. Kwa hivyo nikisema nilitembea, niamini. Kama ile safari yote ningeinyoosha ikuwe barabara moja, sahi ningekuwa nauza ndizi China.

Sasa asubuhi moja nikatoka kitandani, nikakanyaga chini, nikapiga nduru mpaka jogoo ya jirani ikanyamaza. Ilidhani kazi yake imepata mtu mpya. Kisigino ya kushoto, bana! Ni kama mtu amepiga msumari ya inchi sita kutoka chini ya sakafu. Nikaangalia mguu: hakuna mwiba, hakuna kidonda, hakuna funza. Nikatembea hatua kama ishirini nikishika ukuta, ikapoa. Nikasema haya, imeenda. Jioni nikikaa nikisimama, hii hapa tena. Hiyo maumivu ilikuwa na tabia ya mgeni wa kwetu: anafika saa ya chai, anapotea, anarudi saa ya ugali.

Kijana yangu wa kwanza, mwenye analima huko Kachibora, akasikia. Sijui nani alimwambia, nadhani ni ile nduru yenyewe ilifika. Akanipigia simu.

"Mama, umetosha. Krismasi nakuja na pikapu. Utahamia kwangu, ukae tu uangalie kuku."

"Kuku inafanya nini ya kuangaliwa? Ni sinema?"

"Mama, unachechemea!"

"Nachechemea mimi ama unachechemea wewe?"

Tukabishana mpaka tukakubaliana hivi: akifika na hiyo pikapu, nitazunguka Kitale na beseni yangu, yeye akiwa nyuma yangu. Nikimaliza bila kuchechemea, nabaki na biashara yangu na nyumba yangu. Nikichechemea hata mara moja, napanda pikapu, nakuwa waziri wa kuku. Hiyo ilikuwa mwezi wa tisa.

Nikaanza kutafuta dawa. Jirani wa mkono wa kulia akaniambia niweke mguu kwa maji moto na chumvi. Nikaweka mpaka mguu ikabaki kuongezewa tu nyanya na kitunguu. Jirani wa mkono wa kushoto akasema nipake mafuta ya taa. Nikapaka, kwa wiki nzima hakuna mtu alitaka niketi karibu na jiko. Mwingine akaniletea upupu, ati niuchape mguu nayo, maumivu mpya ifukuze ya zamani. Haikufukuza. Zilikaa pamoja kama bibi wawili.

Halafu kitu ingine ikatokea. Mjukuu yangu msichana, mtoto wa binti yangu, alikuwa anakaa kwangu asome Kitale. Ananiita kukhu, yaani nyanya. Ako na miaka kumi na moja, mkimbiaji hodari, hata anakimbia akienda choo. Siku moja namwona anatoka shule akichechemea. Nikamwambia, "Wewe! Unaniigiza?"

"Hapana kukhu, kisigino inaniuma."

"Kisigino! Jana ulinicheka, leo umeiga!" Nikamkemea. Lakini kesho yake akachechemea tena, na majirani wakaanza kuangaliana. Nyumba moja, visigino mbili! Wakasema kuna kitu imezikwa kwa lango. Tukachimba lango. Tukatoa chupa ya soda, kijiko yangu ilipotea zamani, na viazi vitamu tatu. Uchawi haikuonekana, lakini viazi tulikula.

Hapo ndio nikasikia kwa wateja kwamba Bungoma kwa kliniki fulani kumekuja mtu wa fizio, kijana mwenye anajua miguu kama fundi anajua baiskeli. Ati anashika mguu, anabonyeza mahali moja tu, anakuambia hata ulikanyaga nini mwaka jana. Nikasema huyo ndiye wangu. Sikuambia mtoto yangu yeyote. Ningeambia mmoja, Kachibora ingejua kabla sijafunga mlango.

Sasa hapa lazima nieleze mambo mawili, ndio mnielewe.

Ya kwanza ni viatu. Nilikuwa navaa gambuti, zile buti ndefu za mpira, za marehemu mzee wangu. Hizo gambuti aliletewa na mume wa binti yangu siku ya mahari, pamoja na koti na kofia. Mzee alizipenda kuliko ng'ombe za mahari zenyewe. Akachoma alama ya kichwa ya ng'ombe kwa kila moja na waya moto, ndio vibarua wasimwibie. Alipoaga, ndugu zake wakagawana vitu, koti ikaenda, kofia ikaenda, mimi nikasema gambuti haziendi mahali. Zilikuwa namba tisa. Mimi navaa sita. Hiyo nafasi ilibaki nilijaza na gazeti, na sijui kusoma, kwa hivyo nilikanyaga siasa miaka minne bila kujua.

Ya pili ni mkwe. Kwetu sisi Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai nyumba moja wakila, wakikutana kwa njia mmoja anaingia kwa mahindi. Huyo mkwe wangu, miaka kumi na tatu, sijawahi kumwangalia usoni nikamaliza. Sauti yake ndiyo naijua, kwa sababu nimeisikia kupitia ukuta. Kazi yake nilijua ni hospitali. Hospitali gani, anafanya nini huko, hiyo si ya mama mkwe kuuliza. Sasa si mnaona vile mambo inaenda?

Nikafika Bungoma, nikaketi kwa foleni. Mguu ilikuwa imechemka ndani ya gambuti kama githeri. Mama mmoja kando yangu akaniambia, "Toa hiyo kitu mguu ipumue." Akanisaidia kuvuta. Gazeti ilikuwa imelowa jasho ikanata kwa mguu, tukavuta mpaka tukachoka, ikatoka na sauti ya chupa ya soda. Nikaweka gambuti chini ya benchi, nikaanza kupepea mguu na leso.

Mlango ikafunguka. Sauti ikasema, "Mwenye anafuata!"

Hiyo sauti! Hiyo sauti niliisikia ikiomba binti yangu. Hiyo sauti niliisikia ikisema nyama imetosha wakati haijatosha. Na mwenye anafuata ni mimi! Nipeleke mguu yangu kwa mkono ya mkwe? Aibonyeze? Afadhali wakate!

Nikajifunika leso uso mzima, nikatoka mbio. Wale wanakimbia mbio za dunia wangeniona wangeenda nyumbani kulima. Na gambuti moja! Nyuma nasikia, "Mama! Mama, kiatu!" Mimi hata sikugeuka. Nilifika stendi kabla ya kivuli yangu, nikaingia gari ya Kitale, ndio kisigino ikakumbuka kwamba inauma. Nililia machozi kutoka Bungoma mpaka Kimilili. Si maumivu tu. Nilikuwa naona pikapu.

Nilikuwa sijamaliza hata kuosha miguu, simu ikalia. Ni binti yangu.

"Mama, leo ulikuwa Bungoma?"

"Mimi? Bungoma nitafute nini?"

"Gambuti ya papa iko hapa kwa meza yangu."

"Gambuti zinafanana."

"Zote zina kichwa ya ng'ombe imechomwa na waya?"

Nyuma yake nikasikia ile sauti inasema polepole, "Muulize kama asubuhi ndio mbaya zaidi, akikanyaga mara ya kwanza."

"Mama, anauliza kama..."

"Nimesikia. Mwambie ndiyo."

"Anasema ndiyo."

"Nimesikia," mkwe akasema.

Basi tukaendelea hivyo. Sisi wote watatu tunasikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lazima lipitie kwa binti yangu kama gari kwa kizuizi ya polisi. Mkwe akauliza kama mguu imekufa ganzi, kama kuna kidonda haiponi, kama imevimba ikawa nyekundu, kama niko na homa, kama niko na sukari. Nikasema sukari sijui, mimi nauza ndizi.

"Mwambie mama hii gambuti imeniambia mengi," akasema. "Ndani imekuwa bapa kama chapati. Na upande ya kisigino imelika. Ni namba tisa. Yeye anavaa ngapi?"

"Mwambie mkwe mguu ya mwanamke haiulizwi namba."

"Anasema sita," binti yangu akasema.

Akaeleza kwamba chini ya mguu kuna mshipa mpana, kama kamba imefungwa kutoka kisigino mpaka vidole. Mimi kila hatua nilikuwa nakunja vidole nishike gambuti isitoke, na mzigo juu ya kichwa, na hakuna kitu laini chini. Kamba imevutwa mpaka imechokea pale kwa kisigino. Usiku ikilala inajikunja. Asubuhi nikisimama ghafla inavutwa tena, ndio nduru. Akasema kabla nitoke kitandani nipitishe leso chini ya vidole, nivute polepole nikihesabu mpaka thelathini. Nisimame nikisukuma ukuta, mguu moja nyuma, kisigino chini. Nijaze chupa maji baridi, niviringishe chini ya mguu. Nisitembee bila viatu kwa simiti. Nipunguze mzigo na mwendo kwa wiki kadhaa. Na itachukua miezi, si siku.

"Na sindano?" nikauliza. Mimi bila sindano nasikia kama sijatibiwa.

"Mwambie bado. Lakini lazima aonwe. Kuna dada ninayemjua Kitale, atamshika huo mguu na kumpima sukari. Kwa hii kazi, gambuti haitoshi."

Nilienda. Sukari hakuna. Huyo dada alibonyeza mahali pale pale, nikamwita majina ya nyanya zake wote.

Lakini kabla simu ikatwe siku ile, mjukuu yangu akaingilia. "Mwambie papa na mimi kisigino inauma, na kukhu anasema naigiza."

Hapo mkwe akasahau kizuizi ya polisi. Akaongea na mtoto yake moja kwa moja. Inauma wapi? Nyuma. Saa gani? Nikikimbia. Viatu? Zinanibana. Akasema mtoto wa hiyo miaka mfupa ya kisigino bado inakua, na msuli inaivuta, na mwenye anakimbia kila siku inavutwa zaidi. Si ugonjwa wa kukhu, na si kuigiza. Apumzishe mbio kidogo, awekewe kitu baridi, apate kiatu inamtosha na kisigino laini. Ikizidi, ama aanze kuchechemea hata akiwa amepumzika, aletwe.

Nikaangalia viatu za huyo mtoto. Nilimnunulia mimi, nikisema zitafika darasa la nane. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani kama wezi kwa boma ya kuku. Nilisikia haya. Nikampikia chapati tatu, ndio namna yangu ya kuomba msamaha.

Kesho yake tukaenda duka la viatu, ya mzee mmoja Singasinga. Baba yake aliuza viatu hapo, na yeye anaongea Kibukusu kuliko wajukuu yangu, hata mama ananiita mayi. Akaangalia gambuti moja nimevaa mguu ya kulia na sandali mguu ya kushoto.

"Mayi, hii ni fasheni ama ni ajali?"

"Ni mkwe."

Akacheka mpaka kilemba ikatikisika. Akatupima miguu sote wawili, tukiwa tumesimama, akatupa raba zenye soli nene. Alipotaka kutupa ile gambuti nikamnyang'anya. Miaka minne nilikuwa nasikia kama mzee bado tunatembea naye. Kumbe yeye amelala starehe kaburini, na kisigino nabeba mimi peke yangu. Nikaipeleka nyumbani, nikaiweka kando ya mlango.

Krismasi ikafika, na kijana yangu akafika na pikapu. Alishuka amevaa viatu mpya, zile zimechongoka mbele kama mdomo ya ndege, ndio Kitale ijue kwamba Kachibora iko na pesa. Nikabeba beseni. Sitadanganya, na mnajua nikisema hivyo ni mara moja kwa mwaka: kisigino haikuwa imepona yote. Nilikaa mara mbili, nikijifanya nahesabu ndizi. Lakini kuchechemea, hapana. Nilitembea kama bibi ya gavana.

Mtaa wa tatu nikasikia nyuma yangu, kwa, kwaa. Kwa, kwaa. Nikageuka.

"Kijana, ni nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Na hiyo mguu?"

"Ni kiatu tu."

Mtaa wa tano alitoa viatu, akazibeba mkononi. Malengelenge ilikuwa imepasuka kila mahali. Mbwa wangu wote wa Kitale walitoka kumwangalia. Nikamwambia, "Sasa kati yetu, nani anaenda kuangalia kuku?"

Alirudi Kachibora amevaa sandali za mjukuu, na pikapu tupu. Wiki iliyofuata akanitumia kuku jike moja, ati kama mama hataki kuja kwa kuku, kuku ije kwa mama. Mimi asubuhi navuta leso yangu mpaka thelathini, nasukuma ukuta, natoka. Gambuti ya kushoto iko bado Bungoma kwa mkwe. Hakuna mtu ameuliza irudi. Ya kulia iko kando ya mlango, na ile kuku imekataa kiota yote nimetengeneza, inataga ndani ya gambuti, juu ya gazeti.